Kampuni ya Filamu Inanunua Nini Msituni? Uwajibikaji wa Mazingira kama Mkakati wa Biashara, na Nafasi ya Vijiji vya Mbulu na Hanang

Mada kwa semina ya madiwani, viongozi wa vijiji na maofisa maliasili

1. Utangulizi



Mada niliyopewa inasikika kama ya watu wengine. Mbulu hakuna studio za filamu, na Hanang watu wanaishi kwa ngano, mahindi, mbaazi na ng'ombe. Lakini mwaka 2021 kampuni ya Netflix ya Marekani, ilipoeleza jinsi itakavyofidia uchafuzi wa hewa unaotokana na filamu zake, ilitaja kwa jina mradi wa Kasigau, Taita Taveta, nchini Kenya. Kasigau ni nchi kavu, haina msitu mnene wa mvua. Ni nyika ya migunga, mibuyu na tembo, ambayo mtu wa Yaeda Chini akifika hataona ugeni mkubwa.

Kwa hiyo kampuni za burudani zimekwisha kufika katika nchi inayofanana na yetu, na njia zilizozileta ni hesabu na mikataba, kamera zikiwa zimebaki kwingine. Hoja ninayoileta leo ni hii: kampuni ya namna hiyo inapolipia msitu wa kijiji, inanunua usalama wa jina lake. Miti ni chombo tu cha kufikia usalama huo. Kijiji kikilielewa jambo hili kitafahamu kwamba kitu cha thamani kubwa tulicho nacho mezani ni ardhi isiyo na mgogoro, mihtasari ya mikutano isiyotiliwa shaka, na hesabu ambazo mwanakijiji yeyote anaweza kuzisoma.

2. Burudani inachafua wapi?

Mtazamaji anapowasha televisheni haoni moshi. Moshi ulitoka mapema, wakati filamu inatengenezwa. Kikundi cha kupiga picha kinasafiri kwa ndege na vifaa vyake, magari yanazunguka kutwa, na majenereta ya dizeli yanawasha taa mahali pasipo na umeme. Mafundi wanajenga nyumba za mbao na plasta za kuigizia, na baada ya wiki chache zinabomolewa. Penye viwanja vya michezo ya watoto, hoteli na meli za watalii, kama ilivyo kwa kampuni ya Disney, umeme na mafuta ya kila siku vinaongezeka juu ya hayo.

Netflix ilikadiria kwamba mwaka 2020 shughuli zake zilitoa takriban tani milioni 1.1 za hewa ya ukaa. Karibu nusu ilitokana na utengenezaji wa filamu na vipindi. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitokana na uendeshaji wa ofisi na bidhaa na huduma zinazonunuliwa, na asilimia 5 hivi ilitokana na mitambo ya kompyuta ya kuhifadhi na kusambaza filamu. Umeme wa simu na televisheni ya mtazamaji haukuhesabiwa. Kila hesabu ya namna hii ina mpaka, na aliyeuchora mpaka huo ni kampuni yenyewe. Tutarudi hapo.

Tuchukue mfano mdogo wa kukokotoa. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Jenereta ikitumia lita 1,000 katika kazi moja ya filamu, hizo ni tani 2.7. Kwa bei ya dola 15 kwa tani, fidia yake ni kama dola 40. Kwa kampuni inayotumia mamilioni ya dola kwa filamu moja, hicho ni kiasi kidogo mno. Kwa nini basi kampuni ijisumbue?

3. Kutoka hisani hadi mkakati

Hatua ya kwanza huwa ni hisani. Mwaka 1995 Disney ilianzisha mfuko wa kusaidia uhifadhi wa wanyama. Mwaka 2019, ilipotoa upya filamu ya *The Lion King*, iliendesha kampeni ya kuchangia uhifadhi wa simba wa Afrika. Hilo ni jema, na kibiashara lina mantiki: kampuni iliyopata faida kubwa kwa sura ya simba haiwezi kukaa kimya huku simba wakipungua. Hata hivyo hisani hutegemea moyo wa mtoaji. Mwaka wa hasara ukija, mfuko wa hisani ndio wa kwanza kupunguzwa.

Hatua ya pili ni kuuingiza uchafuzi katika vitabu vya hesabu. Mwaka 2009 Disney ilitangaza malengo ya kupunguza hewa ya ukaa, na mwaka huohuo ikatenga dola milioni 7 kwa miradi ya misitu nchini Peru, Marekani na Kongo. Huko Kongo fedha zilielekezwa kwenye hifadhi za jamii za Tayna na Kisimba-Ikobo, Kivu Kaskazini. Kisha ikaweka utaratibu wa ndani: kila idara inatozwa kwa kadiri ya hewa inayoitoa, na makusanyo yanaingia katika mfuko wa kununua hati za kaboni, yaani hati za tani za hewa ya ukaa zilizozuiwa kwingine. Taarifa zake za miaka ya 2010 zilitaja bei ya kati ya dola 10 na 20 kwa tani.

Utaratibu huo unabadilisha mwenendo kazini. Meneja ambaye jana jenereta haikumhusu leo anaiona kwenye bajeti yake. Anaanza kuuliza kama eneo la kupigia picha lina umeme wa gridi, kama taa zinazotumia umeme kidogo zinatosha, kama watu 40 wanahitaji kusafiri au 25 wanatosha. Akipunguza lita za dizeli anaokoa mara mbili, bei ya mafuta na tozo ya ndani. Hapo mazingira yametoka katika ofisi ya mahusiano ya umma na kuingia katika ofisi ya mhasibu.

Hatua ya tatu ni kuweka ahadi hadharani, pamoja na tarehe. Netflix iliahidi kupunguza kwa asilimia 45 ifikapo mwaka 2030 hewa inayotokana na mafuta inayoyachoma na umeme inaoununua, ikilinganisha na mwaka 2019. Iliahidi pia kwamba hewa ambayo bado haiwezi kuiepuka itaifidia kwa kulipia uhifadhi na ufufuaji wa uoto wa asili. Kasigau iliingia kwa mlango huu wa pili. Ahadi ya hadharani huwabana wakurugenzi: wawekezaji wanaisoma, wasanii wanaisoma, wafanyakazi vijana wanaisoma, na waandishi wa habari wanaihifadhi wakisubiri tarehe ifike.

Biashara ya burudani ni biashara ya kupendwa. Mtu hununua saruji hata kama hampendi mwenye kiwanda, lakini filamu ya watoto hataiona kwa kampuni aliyoichukia. Ndiyo maana dola 40 za jenereta zina uzito mkubwa kuliko zinavyoonekana.

4. Hofu ya mnunuzi

Kama kinachonunuliwa ni jina jema, hati mbovu ya kaboni ni hatari kuliko kutonunua kabisa. Miaka ya karibuni imewafundisha wanunuzi jambo hilo kwa machungu.

Januari 2023 gazeti la *The Guardian* la Uingereza na washirika wake walichapisha uchunguzi kuhusu miradi ya misitu ya mvua iliyothibitishwa na shirika la Verra. Walidai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hati za miradi iliyochunguzwa hazikuwa na upungufu halisi wa hewa ya ukaa nyuma yake. Verra ilipinga matokeo hayo na mbinu zilizotumika. Lakini Disney ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizotajwa kuwa zimenunua hati za aina hiyo, na habari kutoka Alto Mayo, Peru, mradi ulioungwa mkono na Disney, zilieleza malalamiko ya wakazi waliosema nyumba zao zilibomolewa. Mwishoni mwa mwaka huohuo, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la kiserikali, pamoja na shirika la SOMO la Uholanzi, zilitoa ripoti yenye tuhuma za unyanyasaji wa kijinsia dhidi ya baadhi ya wafanyakazi wa mradi wa Kasigau.

Sizitaji habari hizi ili tufurahie aibu za wengine. Nazitaja kwa sababu zimebadili maswali ya mnunuzi. Zamani aliuliza: tani ngapi, na bei gani? Sasa anaongeza: ardhi ni ya nani? Wanakijiji walikubali lini, na muhtasari uko wapi? Je, kuna mtu aliyehamishwa? Mwanamke mwenye malalamiko anayapeleka kwa nani? Fedha za mwaka jana zilifanya nini? Maswali haya yanajibiwa na mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake, na mtaalamu aliyeko ng'ambo hana majibu yake. Kijiji chenye majibu kimejipatia nguvu ya kupatana bei ambayo kijiji chenye miti mingi na makaratasi machache hakina.

5. Yaeda: bidhaa yenye karatasi

Hapa Mbulu tuna mfano wetu wenyewe. Bonde la Yaeda ni nchi ya Wahadzabe, wanaoishi kwa asali, mizizi, matunda na nyama ya porini, wakipakana na Wadatoga wafugaji na Wairaqw wakulima. Kwa miongo mingi Wahadzabe walikuwa wakipoteza ardhi kidogokidogo: shamba jipya hapa, boma jipya pale. Mwaka 2007 hata burudani ya aina nyingine ilibisha hodi. Kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Falme za Kiarabu ilitaka kitalu katika bonde hilo, ikajiondoa baada ya pingamizi kubwa ndani na nje ya nchi.

Kilichofuata ni kazi ya makaratasi, na ndiyo iliyoleta mabadiliko. Kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, vijiji viliandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, na mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, yenye zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hati za namna hii hutolewa kwa kawaida kwa mtu au familia; hii ilitolewa kwa jamii. Mwaka 2016 Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa kazi ya kusukuma hati za pamoja kaskazini mwa Tanzania.

Biashara ya kaboni ilikuja juu ya msingi huo. Kampuni ya Carbon Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2011, iliingia makubaliano na vijiji vya Mongo wa Mono, Domanga na Yaeda Chini, na mradi ukathibitishwa kwa kiwango cha Plan Vivo. Baadaye ulipanuka na kuchukua vijiji vingine vya Mbulu na Karatu, na sasa unagusa zaidi ya hekta 110,000. Utaratibu wake unaeleweka: wataalamu wanakadiria msitu ambao ungefyekwa kwa mashamba kama hali ingeendelea kama zamani, walinzi wa kijiji wanazunguka na kuripoti mashamba mapya, ukataji na ujangili, tofauti kati ya kilichotarajiwa kufyekwa na kilichofyekwa kweli inageuzwa tani, na kila tani ni hati moja ya kuuza. Kanuni za Plan Vivo zinataka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iwafikie wanajamii. Fedha hizo zimelipa walinzi, matibabu na masomo ya watoto.

Tukirudi kwenye jenereta yetu: katika zile dola 40, kwa kanuni hiyo, dola 24 zingepaswa kufika kijijini. Ni fedha ya kweli, lakini inatosha pale tu tani zinapokuwa nyingi na uaminifu haujavunjika. Ripoti moja ya rushwa, au familia moja iliyoondolewa kwa nguvu, inaweza kumkimbiza mnunuzi ambaye amekuja kwa ajili ya jina.

6. Hanang: somo la ngano, na mlima usiouzika

Waheshimiwa wa Hanang wanajua vizuri zaidi kuliko mimi nini hutokea mradi mkubwa ukija kabla ya karatasi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Yalifika mashamba saba, kila moja kama ekari 10,000. Nyanda hizo zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iligeuza hukumu, kwa hoja kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa iligawiwa ardhi ile kisheria.

Waliishi pale, walichunga pale, walizika pale, karatasi haikuwapo. Mali bila daftari huisha bila habari. Leo miradi ya kaboni ya malisho imekwisha kuingia Longido na Monduli, na haitashangaza ikifika kwa wafugaji wa Hanang. Swali la kwanza litakuwa lilelile la mwaka 1985.

Lipo jambo la pili. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuipiga Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua kupita kiasi, ikameguka. Kwa wakazi wa Katesh, hakuna suala la mazingira lililo kubwa kuliko mlima ule: mabonde yake, mikondo ya maji, nyumba zilizo njiani mwa mafuriko. Lakini katika soko la kaboni Mlima Hanang ni bidhaa ndogo. Msitu wake hauzidi sana hekta 6,000, ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na kijiji hakiwezi kuuza kisichokuwa chake. Tahadhari ya maporomoko haipimwi kwa tani.

Hapo ndipo mkakati wa kampuni unapoachana na mahitaji yetu. Kampuni imechora mpaka wa hesabu zake, na ndani ya mpaka huo mnaingia hewa ya ukaa. Usalama wa Katesh haumo, na chemchemi za msitu wa Nou hazimo vilevile. Tusiilaumu kampuni kwa hilo, wala tusiisubiri itufanyie kazi ambayo ni ya halmashauri na serikali. Mapato ya kaboni yasiwe kisingizio cha kupunguza bajeti ya mazingira ya wilaya.

7. Mapendekezo

*Kwanza, ardhi itangulie.* Kijiji kisisaini makubaliano yoyote ya kaboni, malisho au upigaji picha kabla ya kuwa na cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi, na pale panapofaa, hati ya kimila ya pamoja. Halmashauri za wilaya zitenge fedha za upimaji, maana mwekezaji anayelipia upimaji hukaa karibu mno na ramani.

*Pili, tumuulize mnunuzi anachopunguza.* Ni haki ya kijiji kujua hati zake zinakwenda kwa nani na kama mnunuzi huyo anapunguza uchafuzi wake kwanza. Kampuni inayonunua hati ili iendelee kuchoma dizeli kama zamani itatuletea waandishi wa habari wenye hasira.

*Tatu, mkataba uwe wa Kiswahili, usomwe mkutano mkuu wa kijiji.* Uonyeshe muda, mgawo, namna ya kubadilisha bei, na namna ya kuuvunja. Miradi hii hudumu miongo, kwa hiyo vijana wanaohudhuria mkutano leo ndio watakaokuwa wazee siku unapokwisha. Ufuate Kanuni za Usimamizi wa Biashara ya Kaboni za mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiulizwe kabla ya kusaini, si baada yake.

*Nne, malalamiko yawe na njia.* Kila mradi uwe na kamati ya malalamiko yenye wanawake, isiyotokana na waajiriwa wa mradi. Tuhuma za Kasigau zinatufundisha kwamba jambo hili ni la utu kwanza, na pia ni la biashara.

*Tano, uwajibikaji uanzie kwenye kamera.* Wahadzabe wanapigwa picha kila msimu na watengenezaji wa vipindi vya televisheni na mitandao. Kibali cha Bodi ya Filamu kinahusu taifa. Kijiji nacho kitunge sheria ndogo. Idadi ya magari, mahali pa kuwasha moto, taka za plastiki, ridhaa ya anayepigwa picha, na malipo ya kijiji kwa stakabadhi, vyote viandikwe. Kampuni inayojisifu kwamba inalipia misitu ya mbali ianze kwa kuzoa chupa zake za maji chini ya mbuyu.

*Sita, hesabu zibandikwe.* Kila malipo ya kaboni yabandikwe kwenye ubao wa kijiji: kiasi kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki.

8. Hitimisho

Kampuni kubwa ya burudani inajali mazingira kwa sababu nyingi, na moyo mwema unaweza kuwa mojawapo. Sababu inayodumu ni ile iliyoandikwa kwenye vitabu vyake: gharama ya mafuta, tozo ya idara, ahadi yenye tarehe, na hofu ya kuchukiwa na watazamaji. Sisi tusijenge mipango yetu juu ya moyo wa mtu. Tujenge juu ya hofu hiyo na hesabu hizo, kwa sababu zinatabirika.

Ninaomba vikundi vijadili maswali matatu. Ni vijiji vingapi katika kata yako vina cheti cha ardhi na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu? Mnunuzi akija wiki ijayo na kuomba mihtasari ya miaka mitatu iliyopita, itapatikana? Na katika eneo lako, ni hitaji lipi la mazingira ambalo soko la kaboni halitalilipia kamwe, na nani alipe? Majibu ya swali la tatu naomba yaandikwe kwa jina la kijiji na yakabidhiwe kwa waheshimiwa madiwani kabla hatujaondoka, ili yaingie katika kikao kijacho cha bajeti.